Sura ya Saba: Zamu ya Usiku

Kila usiku, baada ya sala ya isha, wanaume waliovaa nguo nyeusi huketi mbele ya kaburi la Shah Abdul Latif katika mji mdogo wa Bhit Shah, jimbo la Sindh, kusini mwa Pakistan. Kila mmoja amepakata dambooro, ala ya nyuzi tano yenye shingo ndefu, na kwa pamoja huimba mashairi ya walii huyo aliyefariki mwaka 1752. Usiku wa kuamkia Ijumaa hukesha wakiimba. Wenyewe husimulia kwamba zamu yao haijakatika tangu bwana wao alipozikwa. Wakalhoro waliotawala Sindh siku hizo walianguka, Watalpur wakashika nchi na kunyang'anywa, Waingereza walioiteka mwaka 1843 wakaja na kuondoka, Pakistan ikaundwa mwaka 1947. Mafakiri wa Bhit, yaani waimbaji hao, wakawa wangali pale pale.

Wanaohangaikia turathi za masimulizi hupenda kuanza na vyombo: kinasa sauti kipi, kamera ipi, hifadhi ipi ya mtandaoni. Sindh ni mahali pazuri pa kuipima fikra hiyo. Nyimbo zake za ibada, pamoja na visa vinavyozibeba, zimehifadhiwa kwa karibu kila njia aliyoijua binadamu: kwa kichwa, kwa hati ya mkono, kwa chapa, kwa redio, kwa kompyuta. Kila njia iliokoa kitu na kuacha kingine. Katika sura hii nitazipitia moja baada ya nyingine, kisha niseme ipi nadhani ni mhimili na zipi ni nguzo za pembeni.

Shairi linaloanzia katikati ya kisa

Shah Abdul Latif alizaliwa karibu mwaka 1689 huko Hala Haveli, katika ukoo wa masharifu ambao tayari ulikuwa umetoa mshairi mkubwa, babu yake wa zamani Shah Abdul Karim wa Bulri. Ujanani alizunguka nchi pamoja na majogi wa Kihindu, akavuka jangwa na milima, akasikiliza nyimbo za wafugaji, wavuvi na wasokota nyuzi. Baadaye alihamia kwenye kilima cha mchanga kilichoitwa Bhit, akakaa hapo na wafuasi wake, akitunga na kuimba nao.

Mashairi yake yaliyokusanywa huitwa Shah Jo Risalo. Yamegawanywa katika mafungu yapatayo 30. Fungu moja huitwa sur, na kila sur ina mahadhi yake. Ndani yake mna beti fupi zinazoghaniwa na mmoja, kisha huja waee, wimbo wenye kibwagizo unaopokewa na kundi zima. Sehemu kubwa ya Risalo imejengwa juu ya wanawake wa ngano za Sindh. Marui, binti wa wafugaji wa Thar, ametekwa na mtawala Umar na kufungiwa katika ngome ya Umarkot. Anakataa hariri na kulilia blanketi la sufu la kwao. Sasui wa Bhambhore anaamka akakuta mumewe Punhun amebebwa usiku juu ya ngamia na ndugu zake, naye anashika njia kwa miguu kuvuka majabali. Sohni huvuka mto kila usiku kumwendea Mehar, mchunga nyati, akielea kwa kushikilia mtungi, mpaka siku wifi yake alipoubadilisha kwa siri na kuweka mtungi wa udongo mbichi. Noori ni binti wa wavuvi wa ziwa Keenjhar aliyependwa na mfalme Jam Tamachi.

Hata hivyo, mshairi hasimulii visa hivi toka mwanzo. Sur ya Sohni inapoanza, mwanamke yumo majini tayari. Sur za Sasui zinamkuta ameshaachwa. Shah Latif huingia pale moyo unapopasuka, kwa sababu aliwatungia watu waliokijua kisa tangu utoto. Mbele ya msikilizaji wa Kisufi, Sohni ni roho, mto ni dunia, na ng'ambo yuko Mola. Lakini fumbo hilo halimfumbukii mtu asiyejua habari ya mtungi mbichi.

Kwa hiyo tangu mwanzo wimbo huu ulihitaji walinzi wawili. Mmoja ni fakiri anayeimba kaburini. Wa pili ni msimulizi anayehakikisha kwamba mtoto wa kijijini anamjua Marui kabla hajawahi kufika Bhit. Vijijini Sindh kazi hiyo ya pili ilifanyika katika otaq, chumba cha wageni cha wanaume, ambako jioni watu walikaa katika kikao kiitwacho kachehri. Hapo aliheshimiwa sughar, mtu mwenye akiba ya visa, vitendawili na mafumbo, mara nyingi asiyejua kusoma wala kuandika. Majumbani wanawake walisimulia na kuimba kwa namna yao, juu ya gurudumu la kusokotea na kwenye harusi. Fakiri aliwategemea wote hao bila kuwajua.

Msomaji wa Lamu au Unguja atapata mlango wake mwenyewe wa kuingilia katika Risalo. Katika sur Samundi, wake wa mabaharia wanausikia upepo wa kaskazini ukianza kuvuma, nao wanajua kwamba waume zao wataanza kushughulikia tanga. Sur Ghatu inawalilia wavuvi wa Kolachi, mahali ilipo Karachi leo, waliomezwa na bahari. Upepo huo wa kaskazi ndio uliosukuma majahazi ya Sindh na ya Kutch, ambayo wazee wetu waliiita Kachi, mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Tutarudi kwenye safari hiyo, kwa maana nyimbo nazo zilipanda chomboni.

Kutoka ziwani hadi Leipzig

Inasimuliwa kwamba Shah Latif aliwahi kuyatupa maandishi ya mashairi yake katika ziwa la Kirar, karibu na Bhit, akihofu watu watayaelewa visivyo. Wafuasi walipohuzunika, aliruhusu yaandikwe upya kutoka vifuani mwao, na anayetajwa kwa sifa kuliko wote ni mwanamke, Mai Niamat, aliyekuwa amehifadhi sehemu kubwa. Kiwe kisa cha kweli au ngano, kinatuonyesha jinsi wenyewe walivyopanga daraja: maandishi yakizama, kifua kinayatoa tena.

Kitabu cha chapa kilikuja kwa njia ambayo Shah Latif asingeiota. Waingereza walikuwa wameamua mwaka 1853 kwamba Kisindhi kiandikwe kwa alfabeti ya asili ya Kiarabu yenye herufi 52. Kabla ya hapo wafanyabiashara wa Kihindu walikuwa na hati zao, wanazuoni wa Kiislamu na zao. Mjerumani Ernest Trumpp, mtaalamu wa lugha aliyefika Sindh kupitia kazi ya kimisionari, ndiye aliyechapisha Risalo kwa mara ya kwanza, mjini Leipzig, mwaka 1866. Mwaka uliofuata chapa nyingine ilitoka Bombay. Ilipita zaidi ya karne moja tangu kifo cha mshairi kabla kazi yake haijapigwa chapa, na muda wote huo ilikuwa hai midomoni na katika hati za mkono zilizotofautiana.

Tofauti hizo ziliwapa kazi wahariri. Hotchand Gurbuxani, mwalimu wa chuo mjini Karachi, alianza mwaka 1923 kutoa chapa iliyolinganisha maandishi, ikaeleza maneno magumu na kuchuja beti zilizoonekana kuwa za watunzi wengine. Kalyan Advani alitoa yake mwaka 1958, akiwa India. Wote wawili walikuwa Wahindu wakimhudumia walii wa Kiislamu, na huko Sindh jambo hilo halikuwa la ajabu. Elsa Kazi, mzaliwa wa Ujerumani aliyeolewa na mwanachuoni wa Sindh, alitafsiri sehemu ya Risalo kwa mashairi ya Kiingereza.

Kwa kazi hiyo tunawadai wahariri shukrani. Bila wao kungekuwa na mabishano yasiyokwisha kuhusu nini kilitungwa na Shah Latif na nini kiliongezwa na waimbaji waliompenda. Lakini tazama nini kilichobaki nje ya kurasa. Katika uimbaji wa Bhit, mmoja huanza kwa sauti nene, mwingine humpokea kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, inayofanana na ya mwanamke. Mafakiri husema hiyo ni sauti ya Sasui na Sohni na Marui wakimwita mpenzi. Hakuna ngoma, mdundo hutokana na vidole vinavyogonga ubao wa dambooro huku nyuzi zikilia. Inaaminika kwamba Shah Latif mwenyewe ndiye aliyeibuni ala hiyo kwa kuongeza uzi kwenye ala ya zamani. Katika mwendo huo neno moja linaweza kuvutwa mpaka msikilizaji mgeni asilitambue tena. Kitabu kilihifadhi maneno. Sauti mbili, mdundo wa ubao na pumzi ndefu vilibaki Bhit, kwa sababu vilikuwa na mtu wa kuvifanya usiku uliofuata.

Vitabu zaidi ya 40 vya msimulizi

Mlinzi wa pili, yaani msimulizi, alikaa muda mrefu zaidi bila mwandishi. Aliyemwona alikuwa Nabi Bux Baloch, mtoto wa kijijini aliyezaliwa mwaka 1917, akasoma hadi shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha akarudi nyumbani. Chini ya Sindhi Adabi Board, bodi ya fasihi ya Kisindhi, alianzisha katika miaka ya 1950 mradi wa kukusanya fasihi simulizi ya Sindh nzima. Wakusanyaji waliwekwa wilaya kwa wilaya. Walikwenda kwenye otaq, kwa wafugaji, kwa masughar, wakaandika walichosikia: ngano, vitendawili, sifa za Mtume, nyimbo za harusi, mashairi ya vita, na namna mbalimbali za visa vya Umar na Marui au Sasui na Punhun. Matokeo yake ni vitabu zaidi ya 40.

Thamani ya kazi hiyo inaonekana zaidi leo kuliko ilipotoka. Baloch hakuridhika na "kisa sahihi" kimoja. Aliweka pamoja jinsi kilivyosimuliwa huku na kule. Kwa hiyo mtafiti wa leo anaweza kuona kwamba kisa cha Sasui hakisimuliwi kwa namna moja kila mahali. Pia alifanya kazi hiyo wakati masughar wengi wazuri walikuwa bado hai na televisheni haijafika vijijini. Angesubiri miaka 30, wengi wao angewakuta makaburini.

Hata hivyo vitabu zaidi ya 40 haviwezi kukaa kwenye otaq na kuuliza kitendawili. Baraza la jioni lilipopungua, kwa sababu ya kuhamia mijini, redio, kisha skrini, kisa kilianza kumfikia mtoto kupitia kitabu cha shule. Huko hukaa kama somo lenye mtihani. Wimbo uleule wa Bhit sasa una wasikilizaji wanaopenda sauti wasijue Punhun alikwenda wapi. Hiyo ni hasara isiyosikika kwenye kinasa sauti.

Redio na mwimbaji asiyesoma

Redio ilileta neema na masharti yake. Kituo cha Radio Pakistan kilifunguliwa Hyderabad, kilomita kama 50 kutoka Bhit Shah, mwaka 1955, na kwa Sindh kikawa kama ukumbi wa taifa. Mmoja wa waliopitia hapo ni Allan Fakir, aliyezaliwa mwaka 1932 katika jamii ya Wamanganhar, waimbaji wa kurithishana. Hakujua kusoma, beti aliziweka kichwani. Aliishi miaka mingi Bhit Shah akiimba kaburini kabla watu wa redio na televisheni hawajamtambulisha kwa nchi. Kilemba chake, shada zake na namna yake ya kucheza huku akiimba vilimfanya Shah Latif ajulikane na watu wasiojua hata neno moja la Kisindhi. Alifariki mwaka 2000.

Abida Parveen, mzaliwa wa Larkana mwaka 1954, naye alianzia redio ya Hyderabad. Baba yake, Ustad Ghulam Haider, alimfundisha katika shule yake ya muziki, katika jamii ambayo haikuzoea kumkabidhi binti kazi hiyo. Leo anaposimama jukwaani, husindikizwa na harmonia na tabla, na wimbo wake mmoja waweza kuchanganya beti za Shah Latif na za washairi wengine wa Kisufi. Ni sanaa kubwa, ila si raag ya Bhit, yaani ule uimbaji wa kaburini. Redio ilitaka wimbo wa dakika kadhaa, wenye mwanzo na mwisho, na jina la mwimbaji. Kule kaburini sur huchukua muda wake, na fakiri hatajwi jina.

Basi redio ilieneza mashairi kuliko kitabu chochote, kwa sababu ilimfikia asiyesoma. Ilipata wapenzi wapya. Haikuweza kurithi zamu, kwani zamu haina mtangazaji wa kusema kipindi kimekwisha.

Bhagat waliopoteza kijiji

Mpaka hapa nimesema juu ya watu waliobaki walipo. Sasa tuwatazame waliong'olewa.

Wahindu wa Sindh walikuwa na sanaa yao ya usiku kucha, iliyoitwa bhagat. Bhagat ni jina la mwimbaji na ni jina la tamasha lenyewe. Kiongozi alivaa kanzu pana iliyofunguka kama mwavuli alipozunguka, kilemba kichwani, njuga miguuni. Nyuma yake walikuwa waitikiaji na wapiga ala. Aliimba kidogo, akasimulia, akachekesha, akacheza, akarudi kwenye wimbo wa kumsifu Mungu, na katikati yake kisa cha Marui au kingine kiliendelea mpaka mapambazuko. Aliimba mashairi ya Shah Latif na ya Sachal Sarmast, Waislamu, na ya Sami wa Shikarpur, Mhindu, bila kutenganisha. Wasikilizaji wake nao walikuwa wa dini zote mbili.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Kanwar Ram, aliyezaliwa mwaka 1885 katika kijiji cha Jarwar, kaskazini mwa Sindh, na kulelewa kisanii na mwalimu wake Satram Das wa Raharki. Fedha alizotuzwa aligawia maskini na walemavu, na watu walimwita mtakatifu. Mwaka 1939, wakati mgogoro wa Wahindu na Waislamu ulipokuwa umewaka huko Sukkur, alipigwa risasi akiwa ndani ya treni kwenye stesheni ya Ruk, tarehe 1 Novemba. Aliyeimba mashairi ya dini mbili aliuawa na chuki ya dini.

Miaka minane baadaye India iligawanywa. Wahindu zaidi ya milioni moja waliihama Sindh. Tofauti na Wapunjabi na Wabengali, hawakupata jimbo lao upande wa pili. Sindh yote ilibaki Pakistan. Walitawanyika Bombay, Ajmer, Indore, Kutch, na katika kambi za zamani za jeshi kama ile iliyogeuka kuwa mji wa Ulhasnagar. Walipigania lugha yao, na mwaka 1967 Kisindhi kikaingizwa miongoni mwa lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Lakini ndani yao walibishana kuhusu hati: ya Kiarabu waliyotoka nayo, au Devanagari ambayo watoto waliisoma shuleni. Serikali ilikubali zote mbili. Matokeo yake, kitabu cha babu kilikaa kabatini na mjukuu hakuweza kukisoma.

Hapa kitabu kilionyesha nguvu yake. Risalo liliweza kubebwa katika sanduku. Chapa ya Advani na chapa za Devanagari ziliwafuata wakimbizi. Bhagat haikuwa na kitabu. Ilihitaji uwanja wa kijiji, mwenyeji wa kuilipia, watu wa kukesha, na utani unaoeleweka na jirani wa Kiislamu aliyekaa mstari wa mbele. Waimbaji wakubwa kama Master Chander waliendelea India, wakapendwa, sahani zao za santuri zikanunuliwa. Sikukuu bado huwa na bhagat. Lakini usiku mzima umefupishwa kuwa saa chache za jukwaani, na Kihindi kimeingia mahali pa maneno ambayo vijana hawayajui. India ilimtolea Kanwar Ram stempu ya posta mwaka 2010. Heshima hiyo ilimfikia mtu. Tamasha lake ilikuwa vigumu kulitolea stempu.

Mpaka huo pia una upande wa pili. Katika nyika za Banni na Lakhpat, huko Kutch, wapo wafugaji Waislamu waliojikuta India, wanaoimba waee za Shah Latif kwa dambooro. Kaburi la Bhit liko ng'ambo ya mpaka wasioweza kuuvuka kwa urahisi. Mwaka 2011 watengeneza filamu Anjali Monteiro na K. P. Jayasankar walionyesha maisha yao. Wao wameendelea kuimba kwa sababu wana vikao vya kuimbia, si kwa sababu wana rekodi.

Nyimbo zilizopanda jahazi

Sasa turudi kwenye kaskazi. Katika karne ya 19 Makhoja, wengi wao Waismaili, kutoka Kutch, Kathiawar na Sindh walifika Zanzibar kwa wingi. Msafiri yeyote wa Mji Mkongwe amelipita jengo la Old Dispensary lililojengwa kwa fedha za mmoja wao, Tharia Topan. Wengi waliongea Kikachi, ndugu wa karibu wa Kisindhi. Pamoja na vitambaa na daftari za hesabu walikuja na ginan.

Ginan ni nyimbo za ibada za Waismaili wa Bara Hindi. Mapokeo yao yanazinasibisha na mapir waliohubiri Sindh, Punjab na Gujarat karne nyingi zilizopita, kama Pir Shams na Pir Sadardin. Lugha yake ni mchanganyiko wa Kisindhi, Kigujarati, Kihindi na nyinginezo, na ziliandikwa kwa hati ya Khojki, iliyotokana na hati za wafanyabiashara wa Sindh. Nyingi zina visa ndani yake. Katika kesi maarufu ya Aga Khan, imamu wa Waismaili, mbele ya Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 1866, mwaka uleule Trumpp alipochapisha Risalo, ginan ililetwa mahakamani kuwa ushahidi wa imani ya jamii hiyo tangu zamani. Wimbo ulifanya kazi ya hati ya kiwanja.

Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, ilikuwa ni zamu inayosafiri. Palipokuwa na Waismaili, iwe Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, palikuwa na ibada ya jioni na ya alfajiri, na ndani yake mtu mmoja, mara nyingi mwanamke au kijana, aliitwa kuanzisha ginan na wengine wakampokea. Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, zamu hiyo ilihamia Kanada pamoja nao. Mahadhi yakasalimika kwa namna ambayo bhagat hawakubahatika.

Kilichopotea hapa ni kitu kingine. Karne ya 20 hati ya Gujarati ilichukua nafasi ya Khojki, baadaye herufi za Kilatini zikachukua nafasi ya Gujarati, na vizazi vilivyokulia katika Kiswahili na Kiingereza viliimba maneno ambayo maana yake vilikisia tu. Basi wasomi wakashika upande huo. Ali Asani, mzaliwa wa Nairobi na profesa wa Harvard, alichapisha mwaka 1992 orodha ya hati za Khojki zilizoko katika chuo hicho. Tazim Kassam alitoa mwaka 1995 kitabu kizima juu ya ginan za Pir Shams. Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, kimejenga hifadhi ya dijitali ya ginan. Kazi hizo zinafaa kwa kuwa zinajaza pengo mahususi: mwimbaji anayo sauti na anayo zamu, anakosa maana.

Nini kiokolewe kwanza

Tukiziweka habari hizi pamoja, tunaona vitu vinne vinavyohitaji kuhifadhiwa: maneno, sauti, kisa na zamu. Maneno yanapenda kitabu. Sauti inapenda kinasa sauti, na leo usiku wa Bhit unaweza kuutazama YouTube. Kisa kinapenda mkusanyaji kama Baloch, na zaidi ya hapo bibi mwenye wajukuu. Zamu haihifadhiki kwa chombo. Inahitaji mahali, saa, watu wanaotegemewa kufika, na mtu wa kuwalisha.

Kati ya vinne, zamu ndiyo mhimili. Zamu ikiwepo, vingine vyaweza kutafutwa na kurudishwa, kama wanavyofanya wasomi wa ginan kwa maana. Zamu ikikatika, vingine vinageuka kumbukumbu za makumbusho, hata viwe vimerekodiwa vizuri namna gani. Tarehe 16 Februari 2017 mlipuaji wa kujitoa mhanga aliua watu zaidi ya 80 katika kaburi la walii mwingine, Lal Shahbaz Qalandar, huko Sehwan, Sindh, wakati waumini walipokuwa katika dhamal, uchezaji wao wa ibada. Alfajiri iliyofuata mtunzaji alipiga kengele ya kaburini kama kawaida. Siku chache baadaye watu walikuwa wakicheza tena uani. Hakuna kumbukumbu ya kompyuta inayoweza kumjibu muuaji hivyo.

Lakini zamu ina gharama, na hapa ndipo serikali na wafadhili hukosea. Tangu sheria ya wakfu ya 1959, makaburi makubwa ya mawalii Pakistan yamekuwa chini ya idara ya serikali, na sadaka za wanaozuru hupitia humo. Fakiri anayeimba hawezi kula sifa za utamaduni wa taifa. Mwanawe akiona baba anakesha na asubuhi hana nauli, atakwenda Karachi kutafuta kazi ya kiwandani, na hakuna wa kumlaumu. Fedha zinazotumika kwa kongamano moja la hoteli juu ya "kuhifadhi turathi" zingeweza kulipia usiku mwingi wa watu wanaozihifadhi kweli. Pia zamu inayofungia wengine nje hujinyima warithi. Kwa vizazi vingi raag ya Bhit ilikuwa ya wanaume tu. Katika miaka ya karibuni wanawake wameanza kufundishwa. Kwa mapokeo yanayosimulia kwamba Risalo liliokolewa na kifua cha Mai Niamat, hilo limechelewa, lakini ni jema.

Msomaji mwenye wimbo wa kwao unaofifia, uwe wa jandoni, wa maulidi, wa kanisani au wa mavunoni, namshauri aanze na maswali manne kabla ya kununua kamera. Nani anauimba? Siku gani? Mbele ya nani? Nani anampa chakula? Palipo na jibu, saidia jibu hilo liendelee, kisha rekodi upendavyo. Pasipo na jibu, fedha ya kwanza iende kwa mwimbaji na siku ya kuimba, na ya pili ndiyo iende kwenye kamera.